Kibao Kilisema Imetengenezwa Hapa

Nyinyi tisa niliowafundisha kusuka koili pale kiwandani, kaskazini mwa Fort Worth, mmekuwa mkiulizana kwenye kundi letu la simu kwa nini niliondoka bila kuaga, na nani alipeleka barua iliyofunga darasa letu. Mmeshataja majina. Mmemtaja hata yule kijana wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, ambaye kosa lake pekee ni kwamba alipenda kula peke yake. Sasa nimestaafu, niko nyumbani kwangu Mansfield, sina bosi wa kumwogopa, na nimeamua kuandika mambo yote tangu mwanzo. Msitegemee kusoma habari za vyeo. Nilikuwa na cheo kimoja tu, msukaji, na mshahara wake si hadithi ya kumsimulia mtu.

Kusuka nilijifunzia Morogoro, kwenye karakana ya kiwanda cha nguo. Mota za mashine za kufuma zikiungua, tulizifungua, tukang'oa waya ulioungua, tukasuka upya. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani na nilipenda ile kazi kuliko kitu chochote. Kisha wakaja wataalamu wenye mabegi ya ngozi, kutoka nchi zilizokuwa zinatukopesha. Walituambia serikali haina biashara ya kumiliki viwanda wala kuvilinda, soko litaamua. Soko likaamua. Geti likafungwa, mashine zikauzwa kama chuma chakavu, na mafundi waliokuwa na miaka ishirini kazini wakaenda kuuza mitumba. Nilikuwa mdogo. Nilidhani wale watu wanajua jambo ambalo sisi hatulijui.

Nilikuja Texas nikimfuata mume wangu aliyekuwa anasoma Arlington. Mwaka wa kwanza nilibeba maboksi ghalani kama wengi wetu. Siku moja nikaona tangazo kwamba kiwanda cha transfoma kusini mwa Fort Worth kinatafuta wasukaji. Nikampigia simu dada mmoja wa Kitanzania nikiwa na furaha isiyo kifani, nikamwambia nimepata kazi ya kusuka. Akaniuliza saluni iko mtaa gani na rasta zao ni bei gani. Kwa miaka mingi baadaye, kila harusi na kila msiba, nilikuwa naeleza jambo hilohilo: si nywele, ni shaba.

Kwa atakayesoma bila kuijua kazi hii: transfoma ni lile pipa la kijivu linaloning'inia kwenye nguzo ya umeme, au lile sanduku la kijani lililokaa kwenye nyasi mbele ya nyumba yako na ambalo hujawahi kulitazama mara mbili. Linapokea umeme mkali kutoka kwenye waya mkubwa na kuupunguza mpaka uweze kuwasha friji bila kuilipua. Ndani yake kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mamia ya mara, safu juu ya safu, na katikati ya kila safu karatasi ya kuhami umeme. Maisha ya transfoma yote yako kwenye hiyo karatasi. Ikikunjamana, ikichanika, ikishika unyevu, umeme utapata njia, na ukishapata njia hauombi ruhusa.

Siku ya kwanza walinikabidhi kwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa na kamba, jina lake Ofelia. Alitoka Laredo, mpakani na Meksiko. Wote walimwita Donya Ofelia, kwa heshima, na mimi nikafuata. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na changu kidogo zaidi. Alinitazama, akachukua mikono yangu, akanivua glavu zote mbili na kuzitupa mezani. Akaniwekea vidole kwenye waya, akauvuta taratibu. Kisha akaurudisha, akauvuta tena. Mara ya tatu nikahisi: kipande kimoja, kidogo kuliko punje ya chumvi, kilichokwaruza. Nikasimama. Akacheka, akanigonga begani. Hicho kikwaruzo kingekata karatasi. Meneja asingekiona, mashine ya kupimia isingekiona, lakini kidole kilikiona.

Mashine ilikuwa na kaunta ya kuhesabu mizunguko, lakini Donya Ofelia hakuiamini. Alihesabu mwenyewe kwa Kihispania, midomo ikitikisika kama mtu anayesali. Baada ya miezi michache na mimi nikawa nahesabu, kwa Kiswahili. Wageni wakipita walidhani tunaombea koili. Miezi sita ilipita kabla hajaniruhusu kumaliza koili moja bila yeye kunisimamia. Wakubwa waliona anapoteza muda, lakini yeye aliwaambia waje wasuke wao.

Mwaka wangu wa pili ilirudi transfoma moja iliyoungua. Ilikuwa imefungwa kwenye nyumba ya kulelea wazee katika mji mdogo huko magharibi. Ilizimika mchana wa joto kali na wazee wawili walipelekwa hospitali kwa kukosa kiyoyozi. Walipona. Donya Ofelia aliifungua mbele yangu. Karatasi ya msukaji, ile inayoandikwa nani kaisuka, ilikuwa na jina langu. Alinipa kiti na mkasi, akaniambia niifumue koili kwa mkono, safu moja moja, hadi nione. Ilinichukua siku mbili. Kwenye safu ya kumi na kitu nikakuta mkunjo kwenye karatasi, mfupi kama ukucha, na doa jeusi pale umeme ulipopita. Niliukumbuka ule mkunjo. Siku ile niliuona, nikasema moyoni utajinyoosha.

Sikufukuzwa. Donya Ofelia aliikata ile karatasi yenye doa, akanipa, akasema, "Ukiona, unasimama." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia kwa Kiingereza mwaka ule.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, na sitawachosha. Mwaka baada ya mwaka, tulijua ukija upepo mbaya au barafu, kampuni za umeme zitapiga simu na sisi tutaongeza zamu. Kisha wakubwa wakaanza kusema transfoma za ng'ambo ni za bei ndogo. Tukaambiwa tuzidishe kasi, tukazidisha. Tukaambiwa tukubali kupunguzwa, tukakubali. Mwisho wakatuita ukumbini, wakatuambia kiwanda kinafungwa. Kulikuwa na mwanasiasa mmoja wa eneo letu amealikwa kuja kutufariji. Mtu mmoja akamuuliza kwa nini serikali haizuii. Akajibu kwa upole kabisa, kama anavyojibiwa mtoto, "Serikali haichagui nani ashinde. Soko linaamua."

Niligeuka kutazama nyuma, kweli, kuona kama yule mtaalamu wa begi la ngozi yuko mlangoni.

Wiki zilizofuata walikuja wahandisi wawili kutoka kiwanda kilichonunua mashine zetu. Walikuwa vijana wapole, wana adabu, wametumwa kama sisi. Donya Ofelia aliambiwa akae mbele ya kamera asuke koili kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili mikono yake ichukuliwe picha. Akasuka. Sisi wengine tulipakia mashine kwenye makreti, tukazifunga kwa plastiki vizuri kama mizigo ya harusi. Siku ya mwisho walituletea pizza na vijitabu vya kutushauri tujifunze kazi mpya. Tulikula ile pizza. Tukawashukuru.

Donya Ofelia alipata kazi ya usafi shuleni, baadaye akahamia Houston kwa binti yake. Mimi nilifanya walichofanya dada zetu wengi: nilisomea uuguzi msaidizi, nikawa nalea wazee hapa Mansfield. Ni kazi ya heshima na sisemi vinginevyo. Lakini nilikuwa nikimgeuza mzee kitandani, vidole vyangu vinatafuta kikwaruzo kwenye shuka.

Halafu ikaja ile baridi iliyozima umeme Texas nzima. Mnaikumbuka, waliokuwa hapa. Tulichoma viti vya mbao jikoni. Baada ya pale, na baada ya mambo mengine mengi ya dunia, maneno yakaanza kubadilika. Kwenye televisheni wakubwa wakawa wanasema nchi haiwezi kutegemea wengine kwa vitu vya lazima. Chipu, betri, chuma, dawa, transfoma. Transfoma! Zilikuwa zinasubiriwa miaka. Nyumba mpya zilikamilika kaunti ya Collin huko zikakaa bila umeme kwa kukosa lile sanduku la kijani. Wakasema serikali lazima ielekeze, itoe ruzuku, isamehe kodi, iweke ushuru, ilinde viwanda vya nyumbani. Wakaliita jambo hilo sera ya viwanda, kana kwamba wamelivumbua wiki ileile. Vyama vyote viwili, kila kimoja kwa njia yake. Na nchi nyingine tajiri zikawa zinafanya hivyohivyo.

Nilikuwa namlisha uji bibi mmoja wa miaka tisini nikisikiliza hayo, na nilikasirika mpaka bibi akaniuliza kama uji umeungua. Sikukasirika kwa sababu wamekosea. Walikuwa sahihi. Nilikasirika kwa sababu jambo hilo lilikuwa sahihi Morogoro pia, na lilikuwa sahihi siku ile ya pizza. Walijua kulifanya muda wote. Walitukataza sisi, kisha wakawanyima watu wao, na walipoanza wenyewe kukaa gizani ndipo wakalikubali.

Hata hivyo, niseme ukweli, walipopiga simu niliruka. Kampuni mpya ilikuwa imepata ruzuku na msamaha wa kodi kujenga kiwanda cha transfoma kaskazini mwa Fort Worth. Walikuta jina langu kwenye kumbukumbu za zamani. Walitaka mtu wa kufundisha kusuka. Nilimpigia Donya Ofelia Houston, nikamwambia wanaturudisha. Akasema vidole vyake sasa havifungi hata kifungo cha gauni. "Nenda wewe," akasema. "Wavue glavu."

Basi nikawapata nyinyi. Sitawaeleza mnavyojijua. Lakini kwa atakayesoma, walikuwa watu tisa, wengi wao kutoka Kongo walioletwa Fort Worth na mashirika ya wakimbizi, Wakenya wawili, na mama mmoja wa hapahapa Texas. Kati yao alikuwepo Furaha, mwanamke wa Bukavu mwenye watoto wawili, aliyekaa kambini miaka kumi kabla ya kufika huku. Wiki ya tatu alisimamisha mashine yangu mimi, mwalimu wake, akanionyesha kwa kidole kikwaruzo nilichokuwa nimekipita. Nilitaka kumbusu.

Wakubwa walitupa wiki kumi na mbili. Niliwaambia miezi sita kwa uchache. Meneja, Bwana Craig, kijana mwenye meno mazuri, alitabasamu akaniambia teknolojia imebadilika. Nilimuuliza karatasi imebadilika? Akasema atalifuatilia.

Mnaikumbuka siku ya wageni. Tulipewa ovaroli mpya za bluu na tukaambiwa tusuke mbele ya kamera. Kiongozi mmoja alishika mkono wa Furaha akasema, "Hii ndiyo mikono inayoijenga upya Amerika." Furaha hakuelewa, akaniangalia. Nikamtafsiria. Akasema kwa sauti ya chini, "Asiukaze basi, niko na kazi." Tulicheka wiki nzima.

Ile wiki ndipo Furaha aliponiuliza swali lililonivunja. Tulikuwa tunakula mchana kwenye meza ya nje.

"Mama, ile bobine tunasuka kila siku, inaendaka wapi? Sijaonaka hata moja inaingia ku oveni."

Nikamwambia koili za mafunzo hazipelekwi oveni kukaushwa, zinatupwa, ni kawaida, waya unayeyushwa tena.

"Sawa. Lakini kila siku magari inabeba transfoma hapa. Ni nani anazisuka?"

Mimi mwenye miaka yote hiyo kazini sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimelewa furaha ya kurudi kwenye shaba.

Alasiri ile nikaenda upande wa kupakulia mizigo, ambako darasa letu halikuwa na ruhusa ya kwenda. Niliona makreti yamepangwa hadi juu, yenye alama za bandari ya Houston. Ndani yake transfoma nzima, zimekwisha kupakwa rangi na kujazwa mafuta. Vijana wawili walikuwa na drili. Mmoja anatoa ribiti, vile visumari vinavyoshika kibao cha zamani cha kiwanda, mwingine anagongomea kibao kipya. Nikavaa miwani nikasoma. Kibao kilisema imetengenezwa hapa, Fort Worth, Texas. Yule kijana aliniona, akanisalimia vizuri kabisa. Hakujua kama anafanya kosa. Aliambiwa ni kubadilisha lebo.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Craig. Nikamuuliza. Hakushtuka hata kidogo.

"Ni kipindi cha mpito tu," alisema. "Tunakagua hapa, tunafungasha hapa. Mstari wetu wa uzalishaji ukikamilika tutasuka wenyewe. Wanasheria wameliangalia."

"Mstari utakamilika lini?"

"Soko likiruhusu."

Kisha, kana kwamba nimekuja kwa bahati nzuri, akafungua droo akatoa rundo la karatasi. Zilikuwa karatasi za wasukaji. Kila moja na namba ya transfoma, jina la aliyeisuka, na mahali pa saini ya msimamizi. Majina yalikuwa yamekwisha kuchapwa. Yalikuwa majina yenu. Wote tisa. Serikali ilitaka ushahidi kwamba transfoma za ruzuku yake zinasukwa na mikono ya hapa, na ushahidi ulikuwa nyinyi. Transfoma ambazo hamjawahi kuziona ziliandikwa mmezisuka. Ikiungua moja mbele ya hospitali, jina la kwanza litakalosomwa litakuwa la mmoja wenu.

Nilisema sisaini. Akaegemea kiti.

"Elewa jambo moja," alisema. "Bila hizi karatasi hakuna ruzuku. Bila ruzuku hakuna darasa. Wale watu tisa wanakupenda. Unataka kuwa wewe uliyewarudisha nyumbani? Na tuwe wakweli, ni waya na karatasi tu."

Waya na karatasi tu. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari langu kwenye jua mpaka usukani ukashindwa kushikika.

Jumamosi niliendesha hadi Houston. Donya Ofelia alikuwa amekaa ukumbini kwa binti yake, vidole vimepinda. Nilimweleza yote, yeye akanisikiliza bila kunikatiza, binti akitafsiri nilipokwama. Nilitegemea aniambie nisali, au nisubiri. Badala yake alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Walipotuondoa, uliandika barua?" akauliza.

"Hapana."

"Na mimi sikuandika. Walinipiga picha mikono nikasema asante. Tulikula pizza yao!" Alipiga paja kwa ule mkono uliopinda, akaugulia. "Sasa unakuja kuniuliza mimi nini?"

Jumatatu nilirudi kazini kama kawaida. Kila mlipokwenda kula, nilipita kwenye makreti na simu yangu nikapiga picha vibao vya zamani kabla havijang'olewa, na namba zake. Nilifanya hivyo siku tisa. Kisha niliandika barua kwenda ofisi ya serikali inayotoa ruzuku, kwa Kiingereza changu, kurasa mbili, nikaambatanisha picha. Niliweka jina langu chini kabisa. Mimi ndiye niliyeandika. Si kijana wa foklifti. Mwacheni ale kwa amani.

Baada ya muda walikuja maofisa wawili, mwanamume na mwanamke. Mliwaona, mlidhani ni wageni wengine wa kamera. Waliingizwa chumba cha mikutano, wakaletewa kahawa na mafaili. Nilipita nje ya kioo mara tatu. Saa tatu nzima walikuwa wanasoma karatasi. Karatasi! Transfoma zilikuwa mita hamsini kutoka pale na hakuna aliyeinuka. Mara ya nne nikafungua mlango.

"Samahani," nikasema. "Mimi ndiye niliyewaandikia. Transfoma ziko huku."

Bwana Craig alisimama akisema mama yetu huyu amechoka, ana kazi nyingi. Yule ofisa mwanamke alinitazama, kisha akafunga kompyuta yake akanifuata. Mwenzake naye akaja. Nilichukua tindo na nyundo kwenye meza ya vijana wa drili. Nikachagua transfoma iliyokuwa tayari kuondoka, nikaingiza ncha ya tindo chini ya kibao kipya, nikagonga mara moja, mara mbili. Kikaruka. Chini yake kulikuwa na rangi ambayo haijapigwa jua, umbo la kibao kikubwa zaidi, na matundu manne ya ribiti ambayo hayakulingana na yale mapya. Nikafanya ya pili. Ya tatu yule ofisa aliniambia inatosha.

Mkitaka kujua haki ilitendekaje, nitawaambia. Wiki tatu baadaye darasa likafungwa. Hicho ndicho kitu cha kwanza kilichokatwa. Waliwaita mmoja mmoja, wakawaambia ni kupanga upya shughuli, mkarudisha ovaroli. Kampuni, nasikia, ilirudisha sehemu ya ruzuku na kuahidi kurekebisha makaratasi. Jengo wanalo. Msamaha wa kodi wanao. Sasa kibao kinasema imeunganishwa Texas, na makreti bado yanapanda barabara kutoka Houston. Bwana Craig alihamishiwa ofisi kubwa zaidi Plano. Nilisema sitataja vyeo, lakini hicho nakitaja.

Mimi waliniambia nistaafu kwa hiari au wanisaidie kustaafu. Wakanitaka nitoke siku hiyohiyo kwa mlango wa nyuma, na nisiongee na mtu. Ndiyo maana sikuaga. Na nilikuwa naona aibu, hilo pia ni kweli.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Furaha, naye aliniachia niwaambie nyinyi wengine mwenyewe. Nilimfuata kwake, nikakaa kwenye kochi lake, watoto wake wanaangalia katuni. Nikamweleza kuhusu barua, vibao, na yale majina kwenye karatasi. Nilidhani atanishukuru. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba atanikumbatia.

"Jina langu ilikuwa pale?" akauliza.

"Majina yenu wote."

"Na ulijua wiki ngapi?"

"Saba. Nane."

Aliwaambia watoto wapunguze sauti. Hawakupunguza, mkubwa akamjibu kwa Kiingereza. Akaizima televisheni mwenyewe.

"Mama, mbona haukutuulizaka? Tulikuwa watu tisa, tuko na midomo. Tungefika mbele ya ile Craig wote, tungekataa wote. Ao tungekubali, sijue. Lakini ilikuwa jina yetu. Ilikuwa kazi yetu. Weye uliamua, boss aliamua, serikali iliamua. Miye nilisikia ku mlango."

Nilianza kusema nilitaka kuwalinda. Akainua mkono kunizuia, na sikuweza kumaliza. Tangu siku ile nimeitafuta sentensi ya kumjibu, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye gari. Hasira yangu kwa wale watu wa mabegi na wa meno mazuri haijapungua hata chembe, na nitakufa nayo. Lakini hii ya kwangu mwenyewe siwezi kuipeleka kwenye ofisi yoyote.

Nilichoweza kufanya nimefanya. Kuna karakana hapa Fort Worth na mbili Houston zinazosuka mota za pampu kwa mkono, kweli, mafundi wake wanazeeka na wanatafuta watu. Nimezungumza na wenyewe. Na nimewaandikia nyinyi tisa barua za utambulisho, kila mmoja ya kwake, zikieleza anachokijua. Furaha alikuja kuchukua yake Jumapili baada ya ibada. Hakutaka kukaa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, polepole, kidole kikifuata mistari, kikasimama katikati ya ukurasa.

"Hapa umeandika 'alijifunza kusuka'," akasema. "Nani alijifunza? Miye ni msukaji."

Akanirudishia karatasi, akakunja mikono kifuani, akasubiri. Nikarudi ndani, nikawasha kompyuta, nikaandika upya zote tisa.